Mradi wa Mke wa Mfano

Filamu ilipokwisha taa za ukumbi ziliwashwa, na hakuna mtu aliyekuwa amecheka. Watu walikaa kimya kwenye viti vya plastiki, mikono mapajani, nyuso zimetulia kama za watu waliotoka kuambiwa jambo la maana. Adija, ambaye ndiye aliyeonekana kwenye hiyo filamu tangu mwanzo hadi mwisho, alitazama huku na huku akitafuta walau mmoja aliyejishika mbavu. Hakumpata. Mstari wa mbele Irène, muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwenye soko la Jabe, alikuwa anamwomba jirani yake kalamu.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu baadaye hata aliyeitengeneza alianza kulitilia shaka. Huyo ni Honoré, kijana aliyesomea mambo ya kamera ng'ambo akarudi Bujumbura na miwani mikubwa. Alitaka kuidhihaki ile ndoto ya nyumba ya Kinindo: lango refu, majani yaliyokatwa sawasawa, na ndani yake mama asiye na kazi nyingine duniani isipokuwa kung'arisha. Mwigizaji wake alimpata kwenye soko la Jabe, nyuma ya meza ya vitenge, akimweleza mteja mmoja kwamba kitenge hakina kosa, kosa liko kwenye macho yake. Honoré alisimama pale mpaka mteja akanunua. Kisha akasema, "Mama, we unachekesha watu na wewe mwenyewe hucheki. Nakutafuta toka zamani." Adija alidhani ni mwendawazimu. Lakini alikuwa mwendawazimu aliyekuja na teksi, katika siku ambazo mafuta yameadimika mjini na hata wakubwa wanatembea kwa miguu, kwa hiyo alimsikiliza.

Katika filamu Adija anaitwa Madamu Gaspard. Asubuhi Madamu Gaspard anaosha makaa kwa sabuni, anayafuta moja moja kwa taulo, ndipo anawasha jiko. Akimaliza anachukua kitana na kuchana majani ya uani, yote yalalie upande mmoja. Kochi lake limevikwa nailoni, nailoni imevikwa kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa kuna taulo, na familia inakaa chini kwenye mkeka isije ikalichafua kochi. Mvua ikinyesha anapiga magoti mbele ya bwana na kumwomba radhi. Tangu vyombo vya mchana vinapokauka anasimama langoni, ndara za bwana mkononi, anatabasamu, anamngoja. Na mwishoni kabisa, bwana akiwa ameketi kando ya televisheni, Madamu Gaspard anaona kwamba vumbi linaweza kumfikia. Anachukua kitambaa kingine cha kufuma na kumfunika, kichwa mpaka magoti, akinyoosha pindo vizuri. Chini ya kitambaa inasikika sauti ya bwana: "Asante, mpenzi."

Hapo ndipo Honoré alipotegemea ukumbi upasuke. Badala yake Irène aliandika kitu kwenye kiganja chake.

Mzee Tajudini, fundi cherehani ambaye mtaa mzima wa Buyenzi unamheshimu, alisimama akarekebisha kofia.

"Kwanza tunashukuru," alisema. "Somo tumelisikia. Mi niko na swali moja tu. Hii mradi iko ya wale watu wa malaria, ao iko ya wale wa vyoo?"

Honoré alimweleza kwamba haikuwa ya mtu yeyote. Ilikuwa kichekesho.

"Ndiyo, mwanangu," Mzee Tajudini akasema kwa upole. "Lakini nani anafadhili?"

"Na sabuni ya kuosha makaa," Irène akadakia, "tutumie ile ya kawaida ao mutatugawia?"

Mtu asije akawaona hawa wajinga. Katika mitaa yetu, kwa miaka mingi sasa, kila kamera iliyoingia ilikuja na ujumbe. Imekuja kamera ya vyandarua, imekuja ya kipindupindu, imekuja ya kunawa mikono na ya uji wa watoto. Na katika hizo zote kulikuwa na mama msafi kupita kiasi na baba mwenye furaha isiyo na sababu, na walioziandaa hawakuwa wakitania hata kidogo. Ukiiweka filamu ya Honoré kando ya zile, tofauti utaitafuta kwa tochi. Kwa hiyo watu walifanya walivyozoea. Walisikiliza, waliuliza maswali mazuri, kisha walibaki wamekaa wakingoja Fanta. Honoré hakuwa ameleta Fanta, na hilo ndilo jambo pekee lililolalamikiwa jioni ile.

Njiani kurudi nyumbani Massoudi, mume wa Adija, alitangulia mbele hatua kadhaa, mikono nyuma. Adija alidhani ameona haya. Akajisemea moyoni kwamba ni haki yake, maana si kila mwanamume hufurahi kumwona mkewe akichana majani mbele ya watu.

Basi mambo yakaenea, na simu zikayaeneza zaidi. Kabla Adija hajajua la kufanya, makaa yalikuwa yanaoshwa Buyenzi, yanaoshwa Jabe, na inasemekana hata Nyakabiga kuna uani yalikoanikwa kwenye kamba ndani ya chandarua. Majiko yakagoma kuwaka. Moshi ukatanda asubuhi na mchana, watoto wakaenda shule na chai baridi, na hakuna aliyeilaumu filamu. Waliyalaumu makaa. "Makaa ya siku hizi," akina mama waliambizana, wakiyasugua tena kwa bidii zaidi.

Adija alicheka peke yake mpaka machozi. Wateja walianza kumwamkia kwa heshima ambayo hakuwa ameizoea, wengine wakimwita Mama Mufano. Khadidja, dada mkubwa wa Massoudi, mwanamke ambaye kwa miaka yote ya ndoa ile hakuwahi kumwuliza Adija ushauri hata wa chumvi, alikuja mpaka mezani, akashikashika kitenge kimoja, kisha akauliza:

"Wifi, yale majani, unachana asubuhi ao jioni?"

"Wifi, kwako hakuna majani. Kuna simenti."

"Mi nauliza tu," Khadidja akasema, na alipoondoka alinunua kitana kwa jirani.

Kicheko kilimkauka Adija siku ambayo Sulemani alikuja kumpongeza. Sulemani ndiye mkuu wa safu yao ya vitenge pale sokoni, mtu mpole anayependa kila kitu kiende kwa utaratibu. Alimpa mkono kwa mikono miwili.

"Mama Sumaya, hongera sana. Tutakukosa hapa, wallahi. Lakini nyumba ni nyumba."

"Nyumba gani?"

Sulemani akashangaa kwamba hajui. Massoudi alikuwa amempitia. Alisema mkewe anarudi nyumbani moja kwa moja, kama sensibilisation, ule uhamasishaji wa mradi, inavyotaka, na kwamba meza ipewe mwingine. Mwingine alikuwa Hayat, mjane wa safu ya nyuma, aliyengojea nafasi ya mbele tangu zamani. Angehamia Jumamosi asubuhi.

"Sulemani, hii meza ni yangu. Nilianza nayo iko ubao mmoja juu ya matofali."

"Najua. Lakini neno nimelipokea kwa bwana yako, mbele ya watu. Yeye aliyelitoa ndiye anaweza kulirudisha. Mi siwezi kuingia kati ya mutu na muke wake." Akamwangalia kwa huruma ya kweli. "Na tena, mi nimeona ile filamu. Uko na kipaji, Mama Sumaya."

Adija alikaa chini. Hiyo meza ilikuwa imemsomesha binti yake Sumaya mpaka akaolewa Gitega na cheti chake mkononi. Hiyo meza ndiyo iliyolisha nyumba tangu mafuta yalipoanza kukosekana na magari kulala majumbani. Zaidi ya hayo yote, na hili hakuwahi kumwambia mtu, ndipo mahali pekee duniani ambapo alikuwa akijisikia mzima. Pale nyuma ya vitenge ulimi wake ulikuwa mwepesi na macho yake makali, na siku ilipita bila yeye kuitazama saa. Nyumbani alikuwa mwanamke mwenye miguu inayouma.

Massoudi alirudi mapema siku ile, kama alivyorudi mapema siku nyingi za karibuni. Ni fundi wa magari, tena mzuri. Zamani alikuwa anaingia nyumbani na oili mpaka kwenye viwiko, akidai maji ya moto na kelele nyingi. Sasa alikuwa anaingia na mikono safi. Mikono safi ya fundi wa magari ni jambo la kusikitisha sana kuliona, na Adija kwa kawaida alikuwa anaitazama pembeni. Siku hiyo aliitazama moja kwa moja.

"Baba Sumaya, umeuza meza yangu?"

"Sijauza. Nimetoa."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Massoudi alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, akavua viatu, akaviweka sambamba. "Mi si mutu wa kupinga sensibilisation," alisema. "Tulipoambiwa vyoo, nilichimba. Tulipoambiwa chandarua, nilitundika. Sasa wamesema muke akae nyumba. Mi ni nani nikatae?"

"Hakuna aliyesema! Ile ni mchezo. Honoré alitunga akiwa bafuni, ameniambia mwenyewe."

"Mzee Tajudini amesema iko mradi."

"Mzee Tajudini alikuwa anatafuta Fanta!"

Massoudi alikitazama kidole chake gumba, mahali ambapo oili ilikuwa inakaa. Aliposema, sauti yake ilikuwa imeshuka, na Adija akajua kwamba mambo ya vyoo na vyandarua yamekwisha, sasa yanakuja yenyewe.

"Mi sikujua uko na uwezo ule," alisema. "Miaka yote hii. Nilifikiri Mungu amekuumba vile, mutu wa kukaza uso, nikasema sawa, ndiye wangu. Halafu naona kwa ukuta mukubwa, watu wote wanaona, umesimama kwa mulango unangojea Fortunat kama bwana yako. Fortunat! Kinyozi! Mutu wa Uvira, amekuja juzi na mashine moja ya kunyoa. Unamushikia ndara. Unamuchekea. Mi hata siku moja hujanichekea vile. Hata siku ya arusi."

Adija alikuwa amejiandaa kwa mume mkorofi, na mume mkorofi angemweza. Huyu aliyeketi mbele yake alikuwa ameumia. Alitaka kumwambia kwamba Fortunat hakuwepo hata pale langoni, lakini alijikuta anaogopa swali ambalo lingefuata. Akaingia ndani kupika, na makaa yake machafu yakawaka mara moja.

Kesho yake alimwacha Irène aangalie meza, akapanda mpaka mtaa wa Rohero kumtafuta Honoré. Alimkuta kwenye mkahawa mmoja nyuma ya mabenki, amevaa koti, amezungukwa na karatasi. Miwani yake ilikuwa na ukungu.

"Monsieur Honoré, uje useme kwa watu kwamba ile ni mchezo. Leo hii. Mume wangu anataka kunifunika kitambaa."

Honoré alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Mama Adija, unafikiri sijasema? Nimeenda kwa redio. Nimekaa pale nusu saa naeleza: ni satire, ni kudhihaki, musifuate. Mutangazaji akanishukuru sana. Halafu akasema, wasikilizaji, mumesikia mwenyewe, sasa ni kutia katika vitendo."

"Na sasa unaandika nini?"

Akaona haya. Kulikuwa na shirika moja, hakulitaja, lililokuwa limemwalika kwenye semina ya siku kadhaa, kwenye hoteli ya ufukweni, aeleze mbinu zake. Waliona kwamba ujumbe wake umeshika haraka kuliko ujumbe wowote ule katika mkoa. Walitaka kujua siri.

"Utawaambia nini?"

"Sijui. Miaka yangu yote nilitaka watu wacheke, Mama Adija. Hakuna aliyecheka. Angalau hawa wanataka kunisikiliza."

Adija alimwonea huruma, kwa kiasi ambacho mtu mwenye shida yake mwenyewe anaweza kumwonea mwingine. "Basi tutengeneze ingine. Fupi. Niseme mwenyewe, mi Adija, makaa hayaoshwi."

"Wataiita awamu ya pili," Honoré akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Adija alitelemka kwa miguu kuelekea Jabe, jua likimchoma utosi, na lile neno likimzunguka kichwani. Awamu ya pili. Alijaribu kukumbuka awamu ya pili ya vyandarua iliishaje. Alikuja dada mmoja mwenye gari jeupe, akawashukuru wote kwa ushirikiano, keki ikakatwa, kibao cha mradi pale njia panda kikang'olewa kikapakiwa nyuma ya gari. Wiki iliyofuata vyandarua vilikuwa vinazuia kuku wasiingie kwenye mchicha. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeuliza. Na wale wa uji? Waliondoka hivyo hivyo, na watoto wakarudi kunywa chai. Adija akasimama katikati ya njia, baiskeli ikamkwepa na mwenye baiskeli akamtukana. Hakusikia. Alikuwa amehangaika tangu jana kueleza kwamba mradi haupo, wakati watu wa mji huu hawajawahi kusumbuliwa na mradi unaokwisha.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri akina mama walikuwa wamekusanyika uani kwa Khadidja kupanga arusi ya jirani, na wazee wameketi kwenye benchi la nje karibu na mlango. Massoudi alikuwa mmoja wao. Adija alifika amevaa gauni la Madamu Gaspard, lile la maua madogo na kola nyeupe, ambalo Honoré alimwachia. Hakukaa. Alisimama mahali ambapo wa ndani na wa nje wangemsikia, akakunja mikono tumboni kama yule dada wa gari jeupe.

"Wadau wapendwa," alisema. "Kwa niaba ya wahusika wote nawashukuru kwa ushirikiano wenu. Nimetumwa kuwajulisha kwamba mradi wa Mke wa Mfano umefikia tamati. Wafadhili wamejitoa."

Kuku alivuka uani. Mzee Tajudini aliingiza kichwa mlangoni.

"Wameona tumefanya vibaya?"

"Apana, mzee. Mumefanya vizuri sana. Ni bajeti."

"Aa," watu wakasema wote kwa pamoja, ndani na nje, na mabega yakashuka. Neno hilo walilijua. Halikuhitaji maelezo.

"Na sisi tuliokuwa tunaanza tu?" Irène akauliza. "Mi bado niko kwa kuosha, sijafika kwa kufunika."

"Kila mutu aishie pale amefika."

"Kutakuwa na watu wa kuja kuangalia?"

"Watakuja kutathmini. Munajua namna ya kuwajibu."

Walijua. Khadidja, ambaye alikuwa tayari ametengeneza vitambaa vya kufuma vya kufunika kila kitu ndani mwake isipokuwa paka, alinyoosha mkono kwa wasiwasi. "Na sertifika za kumaliza?"

"Wifi, sertifika zitakuja."

Hapo walicheka, maana hata za vyandarua waliambiwa zitakuja. Kilianza kicheko kimoja nyuma karibu na sufuria, kikapanda, kikamshika Irène akaanguka begani kwa mwenzake, kikatoka nje mpaka kwenye benchi, na Mzee Tajudini akavua kofia akajipangusa macho. Walicheka kwa muda mrefu. Adija peke yake hakucheka, na Honoré, maskini, alikuwa kwenye hoteli ya ufukweni akieleza mbinu.

Kabla jua halijazama makaa ya Buyenzi yalikuwa meusi tena na ndagala zinakaangwa kila uani. Lakini meza ya Adija ilikuwa bado ni ya Hayat. Sulemani alikuwa amesema: aliyelitoa neno ndiye alirudishe.

Massoudi alimsubiri nyumbani, kwenye kiti chake cha mlangoni. Adija akavua kola nyeupe iliyokuwa inamkaba shingo.

"Basi mradi umekwisha," Massoudi akasema.

"Umekwisha."

"Sawa. Bajeti ni bajeti. Na kule kwa mulango? Ile ya kuchekea Fortunat. Nayo ilikuwa ya wafadhili?"

"Fortunat hakuwepo," Adija akasema. "Alikuwa Jabe ananyoa mutu. Walimuchukua kwa kamera siku ingine, wakaunganisha. Mi nilikuwa naangalia nguzo ya lango. Honoré aliniambia, Mama, angalia nguzo, halafu fikiria kitu kinachokufurahisha roho."

Aliona uso wa mumewe unafunguka polepole, na akajua swali limefika. Alilijua tangu siku ile alipolikimbilia jikoni.

"Ulifikiria nini?"

Jibu lilikuwa jepesi kabisa. Nilikufikiria wewe. Angesema hivyo, Massoudi angeinuka saa ile ile bila viatu akakimbia mpaka kwa Sulemani, na meza ingekuwa yake mpaka azeeke nayo. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini alikuwa amevaa gauni la mtu mwingine tangu mchana, na alikuwa amechoka, na mwanamume huyu aliyekaa mbele yake na mikono yake safi hakustahili kupewa Madamu Gaspard mwingine.

"Nilifikiria meza yangu," alisema. "Wiki ya mwisho ya Ramadhani, karibu na Idi. Watu wamejaa, kila mutu anavuta kitenge chake, mi nasimama pale katikati. Ndiyo nilifikiria. Nisamehe, Baba Sumaya. Ningependa iwe wewe."

Massoudi akavaa viatu vyake, kimoja kimoja, akatoka kwenda sala ya magharibi msikitini, na aliporudi alikula chakula chake chote. Hakukasirika, na hilo lilimtisha Adija kuliko hasira. Alijilaza akijua kwamba ameipoteza meza kwa mdomo wake mwenyewe, na kwamba kama angeulizwa tena angejibu vile vile, na kwamba hilo halimfariji hata kidogo.

Jumamosi asubuhi alikwenda Jabe na mfuko mtupu wa kuchukulia vitenge vyake. Alitembea taratibu. Alipokata kona ya safu yao alimwona Hayat anarudi safu ya nyuma na mzigo wake kichwani, midomo ameibinua, akapita bila salamu. Sulemani alikuwa amesimama kando akijifanya anahesabu miavuli. Na nyuma ya meza, kwenye benchi lake, ameketi Massoudi. Vitenge vilikuwa vimeshapangwa juu ya meza, vibaya sana, vya kijani juu ya vya kijani.

"Nimerudisha neno langu," alisema kabla hajaulizwa.

"Kwa nini?"

"Nimekuja kuona." Aliionyesha meza kwa kidevu. "Hii kitu unachekea. Gari hakuna leo. Nitakaa."

Adija akaanza kupanga upya vitenge. Alitaka kulia na alitaka kumwambia asiguse tena kitu chochote hapo. Hakupata nafasi ya kufanya hata moja kati ya hayo, maana alitokea mama mmoja mnene mwenye kikapu, akashika kitenge cha ndege wekundu, akakinusa.

"Hii rangi itadumu?"

"Mama, hii itadumu kuliko mume wako."

"Mi sina mume."

"Unaona? Hii ingekuwa bado iko."

Yule mama akapasuka kucheka, akaweka kikapu chini, na mabishano yakaanza rasmi. Alitaka chenye ndege lakini cha rangi ya samawati. Adija alimwambia ndege wa samawati hawapo Burundi, mama akaapa kwamba amewaona kwa macho yake Rumonge, Adija akamwuliza alikuwa ameamka saa ngapi siku hiyo. Watu wawili walisimama kusikiliza. Damu ilikuwa inamwenda vizuri mwilini, miguu haimuumi, na akakumbuka kwamba kweli kuna cha samawati, chini kabisa ya rundo, upande aliokaa mumewe.

Aligeuka kumwambia akivute. Aligeuka haraka, akiwa na uso aliokuwa nao, ule wa langoni, bila kukumbuka kuubadilisha.

Massoudi hakukivuta kitenge. Alikuwa anamtazama, mikono yake safi imelala magotini.

"Hiyo uso, usiondoe kwanza," alisema.

Adija hakuuondoa, na mteja akaambiwa asubiri kidogo.